Nia Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Jamani, aibu hii nimekaa nayo tangu Oktoba na nilitaka nife nayo, ila nyie si wageni kwangu, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuisikia sokoni ikiwa imeongezwa chumvi.

Mnajua mwezi wa Rozari sanamu ya Mama Maria huwa inatembea kwenye jumuiya yetu pale Izia, nyumba hadi nyumba, inakaa siku tatu na familia inasali mbele yake. Pamoja nayo kinatembea kikapu kidogo cha nia, yaani mwenye shida anaandika kikaratasi, anakikunja na kukitia humo, nyumba iliyompokea Mama ndiyo inayofungua na kumwombea. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono kwa kelele siku ya kupangana, nikasema Mama aanzie kwangu asikae kwa watu wasio na utaratibu (ndivyo nilivyosema, na watu wenyewe walikuwa wamekaa pale pale).

Akaja Jumatano jioni kwa nyimbo na maua. Usiku ule tulisali makumi mawili tu ya rozari kati ya matano, watoto wakaanza kusinzia, nami nikasema Mungu anaelewa, tutamalizia kesho. Kikapu nikakiweka juu ya kabati, nacho cha kesho.

Kesho yake kabla hakujapambazuka simu ikaita, mshikaji wangu wa Chala ninayenunua kwake maharage, anasema mzigo umeingia, mzuri, njoo sasa hivi maana kuna watu wa Mbeya wanaunyemelea. Hapo ndipo nilipoamua kale kajambo kadogo kalikonimaliza. Nikajiambia naenda na kurudi, jioni tutasali mara mbili. Watoto nikawapeleka kwa shangazi yao Malangali. Sasa nyumba inabaki tupu, Mama wa watu asije akaibiwa (mume wangu yuko Kirando kwa shughuli za samaki), nikamfunga kitenge, nikamtumbukiza kwenye gunia la pumba kule stoo, kwa sababu, nikajiambia kwa akili zangu nyingi, nani anaiba pumba?

Chala mzigo haukuwa umeingia. Ulikuwa unaingia. Nikasubiri Alhamisi yote nikipiga soga na kunywa chai na maandazi, nikalala, Ijumaa nayo ikapita hivyo hivyo. Ijumaa hiyo akanipigia Mzee Kalisti, mwenyekiti wa jumuiya.

"Mama Devota, mnaendeleaje na mgeni wetu?"

"Vizuri sana, mzee. Tunasali asubuhi na jioni," nikajibu, nimekalia gunia, nyuma yangu ng'ombe wa wafugaji wanapita wakilia na mpiga debe anaita watu wa Namanyere.

"Mbona kama uko stendi?"

"Ni redio hiyo, mzee."

Mungu anisamehe. Uongo nao una uzao, ukishazaa mmoja lazima ulee na wajukuu.

Jumamosi ndiyo siku ya kumkabidhi Mama kwa nyumba inayofuata, saa tisa alasiri. Mimi nafika saa tisa na nusu juu ya lori la maharage, vumbi mpaka kwenye kope, nakuta jumuiya nzima imekaa nje ya mlango wangu uliofungwa kufuli, wanaimba wimbo wa Maria taratibu kama watu wa msibani. Nikashuka nikiwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, huku natafuta ufunguo ambao muda wote nilikuwa nimeushika mkononi.

Wakaingia. Meza tupu. Nikasema "nisubirini kidogo," nikaenda stoo, nikarudi na kitenge kinachomwaga pumba sakafuni, nikakifungua mbele yao. Mama Maria amejaa pumba usoni, kwenye mikunjo ya joho, mpaka kwenye viganja vyake alivyovikunjua. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, mmoja akatoka nje kabisa.

"Nilimhifadhi asiibiwe," nikasema.

Mzee Kalisti hakucheka. Akauliza, "Na kikapu? Nia mlizisoma?"

Jamani, ningesema hapana pale ningekuwa nimepona. Nikasema, "Tulizisoma zote, mzee."

Hapo akanyanyua kichwa Bibi Koleta, jirani yangu wa ng'ambo ya shamba, ambaye ndiye alikuwa anampokea Mama baada yangu. Ni mjane, anatembelea fimbo, anashonea watu nguo zilizochanika. "Na yangu, mwanangu?"

"Hasa yako, bibi. Tuliuombea sana mguu wako."

Akautazama mguu wake. "Mguu?"

Mzee Kalisti alikuwa ameshakishusha kikapu kabatini. Vikaratasi vyote vimekunjwa kama vilivyokuja. Akatoa kimoja kilichoshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, mishono midogo iliyonyooka ya mtu anayejua kazi yake, na uzi haujakatwa hata mmoja. Vicheko vikakoma. Akanipa mkononi. "Fungua, Mama Devota. Tusomee."

Nilikata uzi kwa meno. Mwandiko ni wa mjukuu wake, maneno ni yake:

"Alhamisi saa nne asubuhi mwanangu Skola anapasuliwa ili mtoto atoke. Mimi nikiogopa maneno ya sala yananipotea. Naomba nyumba yenye Mama Maria inisalie saa hiyo."

Alhamisi saa nne mimi nilikuwa namalizia andazi la tatu, nakumbuka kabisa.

"Skola mzima," akasema Bibi Koleta. "Mtoto naye mzima, wa kike." Watu wakapiga makofi, nami nikapumua, nikafikiri yameisha. Hayakuisha. Akaendelea polepole, wala hakuwa na hasira, anaongea kama mtu anayejikumbusha: "Pale kwenye benchi la hospitali maneno yalinipotea kweli. Hata Salamu Maria sikuiona. Nikajiambia, Koleta tulia, kwa Mama Devota wanasali." Akakitazama kikapu. "Kumbe nilikuwa peke yangu."

"Mungu alikuwepo, bibi," akasema Mzee Kalisti.

"Alikuwepo. Ila mimi niliomba na watu wawepo."

Nimewahi kuangukiwa na mzigo, nimewahi kutukanwa sokoni mbele ya wateja, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa maneno yale ya mwanamke ambaye hata sauti hakupandisha.

Nikaomba nimfute Mama pumba kwanza. Mzee akasema muda umekwenda, mbebe hivyo hivyo. Nikambeba, tukapita shambani kwa wimbo, upepo wa Ufipa mnaujua, unazichukua zile pumba na kunirudishia machoni, basi wale wasiojua wakadhani nalia kwa sababu ya pumba.

Kwa Bibi Koleta meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, mishumaa miwili, mkeka umefagiliwa. Nikamweka Mama, nikapiga magoti nimwombe bibi msamaha, akanikatisha.

"Nia yangu bado haijasaliwa. Isalie."

"Lakini bibi, Skola si ameshajifungua?"

"Mimi niliomba isaliwe."

Nikaongoza. Jumamosi ni Matendo ya Furaha, na nilipofika tendo la pili, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti mwenye mimba, sauti ikakatika kabisa, maneno yakanipotea kama yalivyompotea yeye benchini. Nikakaa pale na rozari mkononi, mdomo wazi. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya kizee, taratibu, "Salamu Maria, umejaa neema..." Alikuwa ni yeye. Akanishikia sala mpaka maneno yakanirudia.

Uzi ule mwekundu ninao, nimeufunga kwenye rozari yangu, na ikifika saa nne asubuhi, hata kama mteja amesimama na kikombe cha maharage kimejaa, nasali kumi moja la rozari. Lakini kubwa ni hili: ile "nitakuombea" niliyozoea kuwagawia watu njiani kama salamu nimeiacha kabisa. Ukinieleza shida yako sasa hivi nitakwambia kaa hapa, shika mkono wangu, tusali, na hata ukiwa na haraka utanivumilia, kwa sababu mimi najua nilimwacha nani benchini.