Neno Alilochelewesha Mwalimu Makokha

Enos Makokha alifundisha umeme katika chuo kimoja cha ufundi mjini Mbale, enzi ambazo waya ukikatika ulikuwa unafungwa na kufungwa tena, maana waya mpya wa kununua haukuwepo. Alikuwa mwalimu mkali. Aliamini kumsifu mwanafunzi ni kumharibu.

Mwaka 1977 akaletewa darasani msichana mmoja katikati ya wavulana ishirini na wawili. Jina lake Shifa, binti wa Mutwalibu, muuza redio wa Mafubira, kule Jinja. Baba huyo hakusoma hata darasa moja, lakini tangu binti ana miaka minane alimwachia redio mbovu azifungue, na kila mteja aliyeingia dukani, baba alimwambia, "Huyu ndiye injinia wangu." Shifa akaja Mbale na neno hilo kichwani. Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na alitaka siku moja afanye kazi kwenye bwawa la umeme la Jinja.

Mwaka wa pili, siku ya mtihani wa vitendo, Shifa aliunganisha waya vibaya akaunguza mita ya kupimia umeme. Chuo kizima kilikuwa na mita hiyo moja tu. Moshi ulipopanda Makokha alishikwa na hasira, akasema mbele ya wote, "Nyumbani walikudanganya. Wewe si wa kazi hii."

Tangu siku hiyo Shifa hakunyoosha mkono tena. Akipewa koleo, alimpa mwenzake. Makokha aliliona hilo, akajiambia litapita.

Halikupita. Mwezi Februari 1979 Mutwalibu alikuja mwenyewe Mbale, amevaa kanzu safi, akamkuta mwalimu karakanani.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Neno langu linaishia mlangoni pangu. Nimemwambia anaweza, ananijibu, baba, wewe hujui umeme, mwalimu ndiye anajua. Sasa nakuomba, wewe uliyemwambia hawezi, mwambie anaweza."

"Nitazungumza naye, mzee," Makokha akajibu.

Alikusudia kweli. Lakini aliona haya kurudisha kauli mbele ya wavulana wale wale, akasubiri apate nafasi ya faragha, na wiki zikaenda. Aprili vita vya kuiangusha serikali vikafika. Askari wa serikali waliokuwa wakikimbia walipita Mbale wakinyang'anya magari, chuo kikafungwa, wanafunzi wakatawanyika kwa miguu. Makokha alimwona Shifa getini na sanduku lake kichwani. Alimwita. Kelele zilikuwa nyingi, hakusikia.

Chuo kilipofunguliwa mwaka uliofuata, Shifa hakurudi. Makokha akafunga safari hadi Mafubira. Duka lilikuwa limevunjwa, milango imeng'olewa. Kagoya, mama yake Shifa, alimkaribisha kwenye mkeka.

"Walimchukua mume wangu serikali ilipoanguka," alisema kwa sauti ndogo. "Walisema aliwauzia askari redio, anazungumza nao Kiswahili, lugha yao ya kambini, anaswali nao. Nani hakuwauzia askari? Tumemtafuta jela, tumemtafuta hospitali. Mwalimu, hata kaburi hatuna."

Shifa alikuwa sokoni Buwenge akiuza viazi. Makokha alimfuata huko, akasimama mbele ya fungu lake kama mnunuzi.

"Shifa, nilikosea," alisema. "Mita ile ingeweza kuungua mikononi mwa yeyote. Wewe ulikuwa bora kuliko wote darasani. Rudi. Nafasi yako ipo."

Shifa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, macho yakiwa kwenye viazi.

"Asante, mwalimu."

"Basi utarudi?"

"Nirudi nikamwonyeshe nani?" Akamfungia mwalimu viazi, akakataa pesa.

Makokha alikwenda tena mara mbili. Mara ya mwisho jirani alimwambia mama na binti wamevuka mpaka wa Busia, wako upande wa Kenya, mahali gani hajui. Makokha aliliacha jina la Shifa katika daftari la mahudhurio mihula miwili, kila asubuhi analisoma kama majina mengine, mpaka mkuu wa chuo akaamuru lifutwe.

Mwaka 1982 akaja msichana mwingine, Nabifo, kutoka milima ya huko huko Mbale. Kazi yake ilikuwa mbovu, nyaya zimelegea, hatari tupu. Makokha aliitazama, akasema, "Vizuri." Wiki nzima akasema vizuri. Siku moja waya mmoja kati ya hizo ukampiga umeme mwanafunzi mwenzake, ukamrusha chini, akaumia mkono.

Mkuu wa chuo alimwita ofisini. "Bwana Makokha, wewe uliyekuwa mkali kuliko wote! Kwa nini hukumwambia binti huyu ukweli?"

Makokha alisimama mbele ya meza ya mkuu, kofia mkononi. Nje Nabifo alikuwa anasubiri zamu yake ya kuitwa, analia, na mwalimu alijua akitoka tu binti atamwuliza kama anafaa kwa kazi hii au hafai. Hakujua atamjibu nini.