Kuku wa Chirwa

Nilipokuwa mtoto kule Likoni, upande wa Bofu, kuku wetu walikuwa wanene kuliko ndugu yangu. Sisemi kwa mzaha. Ilikuwa miaka ya vita, mahindi ya shida, lakini kuku wa nyanya, mamake baba, walikuwapo, wakilala uvunguni mwa kitanda chake. Hao walikuwa wa wageni na wa kuuza. Samaki walikuwa wa wanaume. Mtoto akila samaki, tuliambiwa, atapata minyoo. Mayai nayo yatamfanya mwizi. Basi ndugu yangu huyo, Kassim, aliyeachishwa ziwa mapema kwa kuwa mama alikuwa na mimba, alilishwa uji wa muhogo na chumvi. Asubuhi uji, jioni uji.

Miguu yake ikavimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Akawa hachezi, hata kulia hana nguvu.

"Chirwa hiki," nyanya akasema.

Kwetu chirwa ni ugonjwa wa mtoto ambaye mzazi wake mmoja ametoka nje ya ndoa. Nyanya alikuwa ameshamwonya mama: mume yuko kazini bandarini wiki nzima, mke asizoee kusimama njiani. Baba akaapa wallahi yeye hakutoka. Akabaki mama.

"Mimi sikutoka, mama," akamwambia nyanya.

"Kwani nimekuuliza? Miguu ya mtoto imeshanijibu."

Mganga akaitwa. Alikuwa mtu mpole, sina la kumsema. Akataka kuku achemshwe na mizizi, mtoto anyweshwe mchuzi na alishwe nyama iliyopondwa kila siku mpaka uvimbe uishe. Kuku mmoja akimalizika, achinjwe mwingine.

"Ila dawa haishiki," akasema, "mpaka mwenye kosa atamke."

Kuku walikuwa wakipita pale pale, wakidonoa karibu na miguu yetu. Mama akawatazama, kisha akamtazama Kassim mapajani mwake.

"Nimekosa," akasema.

"Na nani?" nyanya akadakia.

"Hayo nitamjibu Mola wangu. Chinjeni kuku."

Kassim akapona. Uvimbe ukashuka, akaanza kucheka, akaanza hata kuninyang'anya muhogo wangu. Na kila alipozidi kunenepa, kosa la mama lilizidi kuthibitika! Hapo ndipo ninapochoka mpaka leo. Wanawake kisimani wakamwita Mama Kuku. Baba hakumwacha, lakini tangu siku ile chakula chake alikula kwa nyanya.

Nami niliamini, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeshaolewa nilipothubutu kumuuliza mama kama ilikuwa kweli. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua kichwa.

"We mtoto, ningewaomba kuku hivi hivi, wangenipa?"

Mama ameshatangulia. Nikiwaombea marehemu wetu rehema, nikifika jina la nyanya ulimi huwa mzito, na najua hiyo ni dhambi yangu. Kassim naye, ambaye sasa ana wajukuu, huwasimulia kwamba nyanya ndiye aliyemponya. Nimemweleza mara ngapi! Hunijibu, "Sasa dada, kama hakikuwa chirwa, mbona dawa ilishika?"

Nimemwachia. Lakini kwangu mimi kuku akichinjwa, ini ni la mtoto mdogo kwanza, na mgeni asubiri. Wako wanaonuna. Wanune.