Bulpapu ya Mninga Yenye Darubini

Mwaka jana, mawingu ya kwanza ya mvua yalipoanza kujikusanya, polisi walikuja nyumbani kwetu Kinyangiri kutafuta bunduki.

Kaka yangu akawapokea akiwa ameishika mkononi.

Afande akamwambia, "Kijana, hebu weka hiyo drili pembeni. Tunatafuta silaha."

Msicheke kwanza. Aliyekuwa anatafutwa kwa kosa la silaha nilikuwa mimi, na mimi silaha sikuwa nayo. Vuteni viti niwaeleze ilivyokuwa, maana kijijini wameshaipotosha vya kutosha.

Naitwa Aneth. Kaka yangu anaitwa Antipasi, fundi seremala, tena fundi kwelikweli. Kitanda akikutengenezea leo, mjukuu wako atakuja kukilalia. Tatizo lake ni moja tu, bando. Wenzake bando likiingia wanaangalia mpira au wanatongoza. Antipasi anaangalia bunduki.

Si kwamba amewahi kushika hata moja. Silaha kubwa aliyowahi kufyatua ni manati, na alimpiga mbuzi wa jirani. Ila umkalishe hapo aanze kueleza, aisee, utadhani amestaafu jeshini juzi.

Sasa mwaka huo wizi wa ng'ombe ulikuwa umeshika kasi upande wetu. Na sisi tulikuwa na maksai wawili tu, Meneja na Mhasibu. Hao ndio jembe la nyumba. Wakiondoka hao, shamba la alizeti na la mtama tutalilima kwa mkono, na baba yetu, Mzee Sostenes, mgongo wake ulishakataa kuinama zamani.

"Tunahitaji ulinzi," Antipasi akatangaza siku moja tukiwa tunakula.

Nikamwambia, "Wewe si fundi? Tengeneza mlango wa zizi."

Akaniangalia kwa huruma. "Mlango ni mawazo ya zamani, Aneth. Tunahitaji bulpapu."

"Ndiyo dudu gani hilo?"

Loo, bora nisingeuliza. Ugali ulipoa, mlenda ukaganda, mtu anafundisha.

Kwa faida yenu ambao hamjala naye: bunduki ya kawaida magazini yake, kile kikasha cha risasi, iko mbele ya triga ya kufyatulia. Bulpapu magazini iko nyuma, huku karibu na kwapa. Kwa hiyo mtutu unabaki na urefu wake, lakini bunduki nzima inakuwa fupi. Zizi letu limeungana na nyumba ya tembe, mlango mwembamba, dari la udongo liko chini. Ukiingia na bunduki ndefu ukageuka ghafla, umekwama.

"Ina kasoro zake lakini," akasema, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu. "Kubadilisha magazini ni kazi, mkono unajikunja. Na ukiwa unatumia bega la kushoto, ganda la risasi linakurukia usoni."

"Na utaipata wapi?"

"Naichonga."

"Ya mti?"

"Ya mninga."

Ahaa. Kumbe ni ya mninga. Basi sawa, wezi watajisikia kuheshimiwa.

Nikamuuliza hilo ganda la risasi la mninga litamrukia nani usoni. Baba alikuwa anamega ugali wake kimya kimya, macho kwenye bakuli. Nilijua anapuuza, kama mimi.

Akaichonga. Na niseme ukweli, ilipendeza. Akaipiga msasa, akaipaka kiwi nyeusi, akaitia mkanda wa begi la shule. Wiki nzima watu wanasubiri meza na makabati yao, fundi anachonga triga.

Halafu ukaja mtihani wa kilengeo.

Bunduki haina hata tundu la kutokea risasi, lakini mwenzenu hakulala akiwaza atalenga kwa kutumia nini. Kwanza akaweka vyuma viwili vya kawaida, mbele na nyuma. Akavitoa. Akasema kwenye bulpapu vyuma vinakaribiana mno, ukikosea kidogo hapa, kule mbele umekosea sana.

Akapanda basi mpaka Singida mjini, kwenye duka la Manji, akanunua kile kitochi cha nukta nyekundu wanachochezea watoto. Akakifunga juu. Usiku kilitisha kweli. Mchana, kwa jua letu hili la Mkalama, nukta haionekani hata ukiiwekea miwani. Akarudi kwa Manji. Mama Noorbanu, mwenye duka, akamuuliza anatafuta nini hasa, akamwambia "kilengeo." Yule mama akamwonyesha darubini mbovu, jicho moja limekufa, moja zima.

Ndiyo hiyo akaipachika.

"Inavuta mpaka ng'ambo ya bwawa," akasema jioni ile, amevimba kwa furaha. "Ila ujue darubini imekaa juu ya mtutu. Ukilenga mtu wa karibu, risasi inapiga chini kidogo."

Baba akaacha kutafuna. "Chini kiasi gani?"

"Vidole vinne hivi, baba."

"Mm," akasema baba, akaendelea kula.

Nikacheka moyoni. Nikasema mzee naye anamtania.

Siku chache baadaye baba akavaa koti lake la kanisani, akasema anaenda mjini mara moja. Mama alikuwa Issuna kwa dada yetu aliyejifungua, kwa hiyo tulibaki mimi na kamanda.

Jua likiwa la utosi, mimi nikiwa nyuma ya uzio wa minyaa napalilia kibustani cha mchicha, nikasikia sauti za watu zizini. Nikachungulia. Wanaume wawili, watu wazima wa umri wa baba mdogo, mmoja ameshamfunga Meneja kamba shingoni, mwingine anamvuta Mhasibu. Wametulia, kama wako kwao.

Kama ni kulia nilikuwa karibu kulia.

Antipasi akatokea ndani na bulpapu begani, jicho kwenye darubini.

"Mikono juu!"

Halafu malezi yakamzidi nguvu. "Shikamooni."

"Marahaba," wakaitika wote wawili.

Mikono hawakunyanyua. Yule mrefu, ambaye baadaye nilijua anaitwa Gervas, akainamisha kichwa akiangalia ile kitu. "Fundi, hiyo drili inatumia betri?"

"Siyo drili hiyo," mwenzake akasema. "Pampu ya dawa ya pamba."

"Ni bunduki!" Antipasi akafoka. "Mikono juu nimesema!"

Shida ni kwamba alikuwa hawaambii wao. Ile darubini inavuta mpaka ng'ambo ya bwawa, na wale watu walikuwa hatua chache tu mbele yake. Alichokuwa anakiona ni sikio la Mhasibu. Kaka yangu alisimama pale kiume kabisa, analitishia sikio la ng'ombe.

"Kijana, sisi tumenunua hawa ng'ombe kwa mzee wenu," Gervas akasema. "Mpigie."

Wamenunua! Baba auze maksai wakati mawingu yale pale? Mwizi gani hasemi amenunua? Hata hivyo nilipiga simu ya baba palepale kwenye minyaa. Haipatikani.

Wakaanza kuwatoa ng'ombe. Hapo akili ikaniruka. Nilikuwa na jembe mkononi. Nikaliegemeza bega kwenye chuma chake, nikaupenyeza mpini katikati ya minyaa, nikawaelekezea.

"Ng'ombe mtawaacha au hamuwaachi?"

Wakageuka. Walichoona ni mti mrefu mwembamba umetokeza kwenye uzio, na jicho langu nyuma yake.

"Gobole!" akapiga kelele yule wa pamba. "Gervas, gobole!"

Mungu wangu, zile mbio! Kiatu kimoja kilibaki. Kamba wakaziachia, pikipiki yao wakaiwasha ikiwa inatembea. Mimi mwenyewe nikashtuka nikataka kukimbia nao.

Antipasi akatoa jicho kwenye darubini. "Umeona? Wameogopa bulpapu."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikuwa nimekaa chini, nimemkumbatia Meneja mguu, nalia.

Basi jua lilipoanza kuinama ndipo polisi wakaja, afande mmoja na askari mmoja kwenye gari, na wale wezi wawili wamekaa nyuma. Nikaona vyema, wamekamatwa. Kumbe wao ndio walalamikaji. Tangu lini mwizi akaenda kushtaki?

"Ni huyu," Gervas akaninyooshea kidole. "Alitutolea gobole."

"Binti," afande akasema, "gobole liko wapi?"

Hapo ndipo Antipasi alipotoka na bulpapu yake, na hapo ndipo alipoambiwa aweke drili pembeni.

Hakuiweka. Akapiga magoti. Mninga mweusi ameunyanyua kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Afande, mdogo wangu hana kosa. Mwenye bunduki ni mimi. Hii hapa. Nifungeni mimi, yeye muacheni."

Askari akaipokea, akaigeuza, akachungulia kwenye darubini kuelekea ukutani. "Hii ni ya kupimia ukuta ulionyooka?"

"Ni bunduki, afande!"

"Sawa. Kaa pale."

Nilimpenda kaka yangu siku ile kuliko siku zote. Mtu ameamua kwenda jela kwa ajili yangu, na hakuna anayemtaka. Askari akaiegemeza ile silaha kwenye mtungi.

Nikaenda nikaleta jembe. Nikamwambia afande ndilo hilo gobole. Hakuniamini. Nikaingia nyuma ya minyaa, nikaupenyeza mpini, nikasema, "Ng'ombe mtawaacha au hamuwaachi?"

Yule wa pamba akaruka nyuma ya gari. Afande naye mkono ukamwenda kiunoni, akajishtukia, akajifanya anavuta suruali.

Wakacheka wote, hata mimi. Nikaona yameisha. Nikasema, "Haya afande, sasa wapeleke hawa wezi."

Bodaboda ikasimama uani. Baba akashuka, na koti lake la kanisani.

"Siyo wezi," akasema. Hakutuangalia. "Nimewauzia mimi."

Antipasi ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Baba, mvua si hiyo hapo?"

"Naiona."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka hela ya bunduki."

"Bunduki ya nini, baba?"

"Ya kulinda ng'ombe."

Wale wanunuzi wakaangaliana. Meneja mwenyewe aliacha kucheua.

Baba akaendelea, taratibu, anamwambia Antipasi peke yake. "Si wewe uliyesema kila siku? Nilikuwa nasikiliza. Nikaona kijana wangu anajua, na mimi nalala sipati usingizi nawaza wezi. Nikasema niuze hawa kabla hawajaibwa, nipate silaha ya kweli. Tukivuna tununue wengine, wakute ulinzi upo."

"Tukivuna nini, baba?" nikauliza. "Tutakuwa tumelima na nini?"

Akageuka kuyaangalia mawingu. Nikajuta kuuliza, kwa sababu niliona ndiyo kwanza analifikiria.

Afande sasa alikuwa hacheki. "Mzee, kibali cha silaha kina taratibu zake, kinaanzia hapa hapa kijijini kwako. Hela umempa nani?"

"Kuna bwana mmoja mjini. Tulikutana kwenye mgahawa. Alisema kibali na bunduki vyote atavishughulikia yeye."

"Bunduki uliiona?"

"Alinionyesha picha kwenye simu." Baba akapima kwa mikono yake, karibu karibu. "Fupi hivi. Ina darubini. Nikamuuliza kama ukilenga karibu inapiga chini vidole vinne. Akasema vinne kamili. Nikajua huyu ni mtaalamu."

Antipasi akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso.

Afande akaomba namba ya yule bwana, akapiga, akaweka sauti kubwa. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mpaka leo haipatikani. Maelezo walichukua, na wanasema wanaendelea kumtafuta.

Gervas na mwenzake walikuwa watu waungwana, nawaambia ukweli. Walisema pole zaidi ya mara moja. Halafu wakachukua ng'ombe wao, kwa sababu walikuwa mali yao.

Mvua ikanyesha nzuri, ya kupigiwa mfano. Majirani maksai wao wanapita, sisi tuko shambani tumeinama, mimi, Antipasi na mama. Baba alikuja siku ya kwanza akajaribu mstari mmoja, Antipasi akamnyang'anya jembe akamrudisha kivulini. Niliona kaka anajifuta macho na alikuwa hajakata kitunguu. Tulilima robo ya shamba. Mavuno yake hayawezi kununua hata mkia wa Mhasibu.

Najua kwenye komenti atatokea mtaalamu wa kuniuliza bulpapu au ndefu, vyuma au darubini. Mkuu, chagua unayoipenda, ila kabla hujanunua cha kulindia, angalia kama bado unacho cha kulinda.

Na wewe unayehubiri mezani mambo uliyoyaona kwenye simu, angalia nani anakula kimya hapo pembeni. Usidhani anakupuuza. Muulize anawaza nini kabla hajavaa koti kwenda mjini.