Mama Alivyopika Samli Ndege Ikisubiri

Nilikuwa karani mpiga chapa kwenye mashamba ya ngano ya Basotu dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza Dar es Salaam. Ndege ndogo ya shamba ilikuwa inakwenda huko kufuata vipuri, nami nikapewa nafasi. Mama alipopata habari alishuka kutoka kijijini kwetu Tumati na kibuyu kikubwa cha maziwa ya mgando. Kwetu mzazi hakai bila maziwa.

Tulimkuta rubani kiwanjani, anaikagua ndege.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huu ni mzigo wa mzazi."

Rubani alikitikisa kibuyu, akasikiliza, akamrudishia mama kwa mikono miwili.

"Mama, unisamehe. Haya bado yanachachuka. Tukifika juu yatafura, kizibo kitaruka, tutaoga maziwa wote. Mabichi sibebi, mgando sibebi. Siagi nayo itafika Dar imeyeyuka."

Machozi yalinilengalenga. Mama hata hakunitazama.

"Na samli?"

"Samli iliyoiva, kwenye chombo cha mfuniko wa kukaza, hiyo nabeba."

"Unaondoka saa ngapi?"

Rubani aliutazama Mlima Hanang, uliojifunika mawingu hadi kiunoni. "Yale yakiinuka."

Mama akaketi pale pale kwenye majani, akanyoosha miguu, akaweka kibuyu mapajani na kuanza kukisukasuka. Mikono yake ilipochoka nilimpokea, yangu ilipochoka akanipokea. Mwishowe mlio wa ndani ukawa mzito: siagi imejikusanya. Tukakimbilia kantini ya shamba. Mpishi alituachia jiko lake, na samli ilipoanza kuchemka madereva wa matrekta walijaa mlangoni, wakifuata harufu. Mama aliwagawia maziwa yaliyobaki baada ya kutoa siagi, wakanywa wakimshangilia.

Mtunza stoo alileta dumu jipya la plastiki. Samli ilipopoa tukaimimina humo. Nje, kilele cha mlima kilikuwa kimeanza kuonekana.

Rubani aliligeuza dumu juu chini, akalitikisa kwa nguvu, akapitisha leso yake nyeupe kwenye mfuniko. Leso ikatoka kavu.

"Mama, umeshinda. Nalifunga mwenyewe nyuma ya kiti changu."

Mama akapiga kigelegele. Tuliporuka nilimwona chini, ametandaza khanga yake mikononi, anaipunga kama bendera.

Jioni ile dada, aliyekuwa hataki chakula tangu ajifungue, alikula ugali wa samli akamaliza sahani, kisha akaniambia, mdomo unang'aa mafuta, "Niongeze."