Mwaka Ambao Zabibu Hazikupogolewa

Mwaka huu baba alikataa kupogoa zabibu. Naandika kwa sababu nyumbani jambo hili halisemwi tena, na mimi si msemaji.

Ilianzia kwenye mkutano wa kijiji, hapa Hombolo. Afisa kutoka mjini alieleza kwamba utajengwa mfereji wa umwagiliaji na kiwanda cha mvinyo. Mfereji ni wa serikali, kwa kodi zetu na mkopo wa nje. Kiwanda ni cha mwekezaji, na kitakaa pale lilipo shamba letu. Tutalipwa fidia mthamini akishapita kukagua mazao. Atapita lini? Mwekezaji akiweka fungu lake la fedha. Baba alifurahi, akasema ushuru wa mazao tuliolipa miaka yote kwenye kizuizi cha barabarani sasa unaanza kurudi. Mama aliuliza, na asipoweka je? Watu wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mama, wewe unafunga kiwanda hata hakijafunguliwa."

Tatizo ni kwamba mzabibu hauzai vizuri bila kupogolewa, lakini ukishapogolewa unabaki kama kuni. Asiyeujua anadhani umekufa. Baba aliogopa mthamini atatokea wiki hiyohiyo, aone vijiti vitupu, atulipe bei ya vijiti. Akaweka mkasi juu ya kabati. Alitaka mtu akija akute majani.

Majani yalikuwepo kweli. Yalijaa mpaka njia za katikati zikapotea, chini yake kukawa giza na harufu ya kuoza. Ukungu mweupe ukaanza kupanda. Nikitumwa kumtoa mbuzi humo nilirudi mbio, sijui nikiogopa nini. Majirani ambao mradi haukuwagusa walipogoa, wakavuna, sisi tunatazama. Gari likipita barabara ya bwawani, baba anasimama. Afisa akipigiwa simu alisema suala liko kwenye mchakato. Baadaye akawa hapatikani.

Jumamosi moja asubuhi mama alipanda kiti, akachukua mkasi, akaenda shamba. Baba akamfuata.

"Mke wangu, unakata hela yetu."

"Nakata ili tuvune, Baba Watoto. Hiyo hela nyingine sijaiona."

Nilikusanya matawi nyuma yake bila kumtazama baba. Nusu ya shamba ilikuwa imekwisha tuliposikia gari, na safari hii likakata kona kuja kwetu.

Mthamini alikuwa kijana mpole. Alimpa baba shikamoo, kisha akageukia upande uliokatwa.

"Hii ilikufa lini?"

Baba alimtazama mama. Mama akakwangua tawi kwa ukucha, akamwonyesha ubichi ndani. Kijana akaomba radhi. Akaenda upande wa majani, akayafunua, akainama humo kitambo. Alipotoka mikono yake ilikuwa na unga mweupe.

"Na huku, mzee, zabibu ziko wapi?"

Kijana akapiga picha pande zote mbili, akasema tutajulishwa. Gari lilipoondoka, mama alikuwa ameshaanza mstari mwingine, na baba bado amesimama palepale alipoulizwa.