Jivu Nililowamwagia Kuku Siku ya Chifu

Aibu hii nikianza kuiandika mkono bado unataka kurudi nyuma, lakini wacha niseme tu: mimi ndiye yule mama wa mtaa wa Pioneer aliyemtoa chifu machozi mbele ya majirani, na hakukuwa na matanga.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja na chifu alikuwa chifu kweli, akisema kuku watoke, wanatoka. Nilikuwa na kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na wao ndio walikuwa wakimweka binti yangu Nekesa shule ya bweni, kwa hivyo kuku wakitoka, Nekesa naye anarudi nyumbani. Jirani yangu Mzee Birech alikuwa amenishtaki kwa sababu ya harufu. (Sitamsingizia, harufu ilikuwako, hata mimi nguo zangu nilizianika upande wa mbele.) Chifu akatuma neno kwamba Ijumaa atakuja kuona mwenyewe.

Sasa mimi na elimu yangu ya darasa la tano nikawaza: choo kikinuka tunafanya nini? Tunamwaga jivu, na harufu inapungua, kila boma inajua. Basi asubuhi ile nikamwaga jivu juu ya maranda ya mbao wanayolalia kuku, nikaongeza chokaa iliyobaki nilipopaka ukuta, nikageuza yote na jembe mpaka ile ya chini yenye unyevu ikaja juu, na kwa sababu baridi ya Julai ilikuwa imeshuka kutoka upande wa Kaptagat nikaziba madirisha ya nyumba yao na magunia, kuku wasiugue. Macho yaliniwasha. Nikajiambia ni dawa inafanya kazi.

Chifu akafika na Mzee Birech na majirani.

"Mama Nekesa, mbona sisikii harufu?" akauliza pale uani.

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini mvua ilianza kudondoka, nami kichwa kikavimba, nikasema, "Karibuni ndani kwa kuku, Chifu, tufungue na maombi humo humo." (Baraza bila maombi haifunguki, na mzee wa kanisa aliyekuwepo ni Mzee Birech mwenyewe.) Tukaingia, nikafunga mlango.

Mzee Birech akaomba. Akaombea serikali, akaombea mahindi, akaombea majirani wapendane, na hapo kwa majirani sauti ikaanza kukatika. Mama mmoja nyuma yangu akavuta kamasi, mwingine akalia kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani Roho ameshuka kwa nyumba ya kuku wangu. Kisha chifu akakohoa.

"Mzee, sema Amina!"

"Bado sijafika kwa wagonjwa," Mzee Birech akajibu, machozi yakimtiririka.

"Wagonjwa ni sisi! Mama, fungua mlango!"

Kila mtu akatafuta mlango macho yamefumbwa, kuku wakaruka, na kofia ya chifu, ile yenye nembo ya serikali, ikaanguka kwenye mavi. Miaka ile hilo halikuwa jambo la kucheka na hakuna aliyecheka. Niliiokota nikaipangusa na leso, nikaipaka zaidi.

"Kuku hawa watoke leo!" chifu akasema nje kwenye mvua, akijifuta macho.

Akilini nikamwona Nekesa akirudi na sanduku lake, nikasema, "Chifu, nimekosea dawa, sijakosea kufuga. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Wakinuka, nitawachinja mwenyewe na wewe uje ule."

Na haki yake nampa Mzee Birech, maana ndiye aliyesema, "Mpe, Chifu. Lakini siku hiyo tutaombea nje."

Jumatatu nikaenda ofisi ya mifugo. Afisa alicheka mpaka akashika meza, kisha akanieleza vizuri: "Mama, iliyowaliza inaitwa amonia. Jivu na chokaa vinaifukuza itoke kwa mavi ijae hewani. Wewe unataka kitu chenye asidi, kiishike hapo chini." Akanitajia mbolea ya superfosfeti, ile wakulima wa Ainabkoi wanapandia mahindi. Nikamwomba arudie, maana sikujiamini tena. Nikarudi, nikatoa maranda yote yaliyolowa, nikaziba chombo cha maji kilichokuwa kikivuja, nikanyunyiza ile mbolea, nikafunika na maranda mapya, nikaondoa magunia.

Mwisho wa mwezi chifu alikuja lakini alikataa kuvuka mlango, akamtuma Mzee Birech. Mzee akakaa ndani muda mrefu, mpaka nikaanza kumwazia Nekesa kazi ya kufanya hapa mjini. Akatoka macho makavu.

"Chifu, inanuka kuku tu."

"Kuku wanuke kuku," chifu akasema. "Endelea."

Nekesa alimaliza shule. Na mimi niliapa, na kiapo sijakivunja: dawa yoyote ya kuku, hata niletewe na daktari, nitaijaribu kwa kona moja, nipige magoti hapo chini walipo kuku, na pua ya kwanza kuinusa iwe yangu.