Matairi Makubwa ya Pikapu ya Magesa

Siku ya kwanza nilipoingia karakanani Mwanza, Fundi Mkuu alinipa ufagio. Nilikuwa nimetoka Bukoba kwa meli, nina cheti cha ufundi wa magari nilichosomea kambini wakati wa kulitumikia taifa, na nilikuwa mwanamke pekee kati ya mafundi. Nikaamini ufagio ule nimepewa kwa sababu hiyo. Nikafagia kwa siku kadhaa nikiwa nimenuna, mpaka nikashindwa kunyamaza.

“Ndugu Fundi Mkuu, mimi nilisomea injini.”

“Najua,” akasema. “Hapa kila mtu anaanza na ufagio. Leo umefagia nini chini ya lile lori?”

Nikamwambia nimekuta oili nyeusi na vipande vya mpira.

“Basi kazi umeshaianza.”

Huyo alikuwa Ndugu Makoye, Msukuma wa Kwimba, mtu wa maneno machache na mikono mipana. Juu yake alikuwepo Msimamizi wa Karakana, kijana aliyesomea uhandisi ng’ambo, mpole, aliyependa kuzunguka na kipande cha chaki mfukoni ili achore sakafuni anachotaka kueleza. Nilifanya kazi chini ya hao wawili kwa muda mrefu. Katikati nilipelekwa Geita kutengeneza mashine za kusukuma maji, kisha nikarudishwa Mwanza. Mambo ninayotaka kuyasimulia yalitokea baada ya kurudi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Watu walikuwa wamehamia vijiji vipya, na baadhi ya vijiji hivyo viliwekwa mahali ambapo barabara ilikuwa haijafika. Karakana yetu ilihudumia magari ya serkali, kama tulivyokuwa tukitamka wenyewe, na vipuri vilikuwa adimu. Tairi likipasuka hatukulitupa. Tulikata kipande cha tairi kuukuu, tukakipachika kwa ndani kuziba jeraha, tukarudisha tyubu juu yake, gari likaondoka likidunda.

Kati ya magari hayo ilikuwemo pikapu ya idara ya afya iliyopeleka chanjo na wakunga vijijini, na ikirudi ilibeba wagonjwa. Dereva wake alikuwa Mzee Magesa, Mjita wa Majita, ambaye aliiendesha tangu ilipokuwa mpya. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa kabla hajanywa chai. Hakuna fundi aliyethubutu kuegemea mlango wake.

Mgao wa matairi ulipofika mwaka ule, ya pikapu hayakuwemo. Yalikuja makubwa zaidi, yaliyokusudiwa magari mazito. Rimu ilikuwa ya kipimo kilekile, kwa hiyo yaliingia, lakini tairi lenyewe lilikuwa refu na pana kuliko la zamani. Msimamizi akataka yarudishwe. Magesa akaja ofisini akiwa ameshika kofia, nami nilikuwepo nikipokea kazi.

“Ndugu Msimamizi, naomba matairi hayo nifungiwe mimi.”

“Gari lako halikupimwa kwa matairi hayo, Mzee.”

“Najua. Lakini difu inalala kwenye matope.”

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Katika udongo mweusi wa mbugani, malori huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta. Gari fupi huburuza difu juu ya tuta lile mpaka linakaa, na magurudumu yanazunguka bure. Sote tulijua hilo. Tulijua pia kwamba masika yaliyopita pikapu ilikaa hivyo ng’ambo ya Ngudu, ikiwa imembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Wanaume wa kijiji walimbeba juu ya kitanda, wakaenda kwa miguu. Hakufika, wala mtoto. Magesa hakuwahi kulisimulia, na pale ofisini hakulitaja.

Msimamizi akachora gari sakafuni. Akaeleza kwamba njia ya kawaida ni kuliinua kwanza gari: unaongeza bamba kwenye springi, yaani yale mabamba ya chuma yaliyopangana chini ya fremu, ili bodi ipande na kulipisha tairi. Mabamba hatukuwa nayo. Tungefunga bila kuinua, tairi lingekwaruza bodi, breki zingechelewa kulisimamisha, mlima ungekuwa mgumu.

“Na usukani utakuwa mzito,” akamalizia.

“Nitauzoea,” Magesa akasema.

Msimamizi akamwangalia Fundi Mkuu. Makoye akasema inawezekana ikiwa tutakata madigadi. Madigadi ni yale mabati yanayofunika magurudumu. Magesa akaigeuzageuza kofia yake. Kisha akasema, “Kateni.”

Kazi nilipewa mimi. Tulifunga matairi, tukapakia magunia ya mchanga nyuma ili springi zilale kama zinavyolala gari likiwa na watu. Makoye akanifundisha kupaka chokaa ya maji kwenye ukingo wa tairi, kisha kupandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe na kugeuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Kila mahali tairi lilipogusa, liliacha alama nyeupe. Hapo ndipo pa kukata, na si zaidi ya hapo. Nilikata kwa mkasi wa bati, nikakunja ukingo kwa ndani kwa nyundo, kwa sababu bati lililokatwa likiachwa wazi litakuja kulichana tairi. Magesa alikaa kwenye gunia akitazama. Rangi ilipobanduka aliinamisha kichwa.

Palibaki sehemu moja ambapo tairi liligusa fremu yenyewe, na fremu haikatwi. Hapo tuliongeza urefu wa bolti zinazozuia gurudumu lisigeuke kupita kiasi. Gari likawa linahitaji uwanja mpana zaidi kukata kona. Breki tuliziwekea kitambaa kipya, ule utando unaokamata gurudumu. Msimamizi alikuja akakagua alama za chokaa moja moja, akaligeuza gari mwenyewe uani, akashuka akipangusa jasho.

“Mwendo wa polepole tu,” alimwambia Magesa. “Na Leokadia,” akaninyooshea chaki, “ataenda nawe safari ya kwanza, aone linavyokwenda.”

Tuliondoka na mkunga, tukapita Misungwi, mvua ikiwa imenyesha tangu usiku. Kwenye lami Magesa aliimba kwa Kijita. Tulipoingia mbugani, pikapu ilipita juu ya matuta kama ng’ombe anavyovuka maji, difu haikugusa kitu. Nilifurahi sana moyoni. Nilikuwa naitazama kazi ya mikono yangu ikikubali.

Kisha nikaanza kumtazama yeye. Alikuwa ameacha kuimba. Kila kona aliianza mapema mno, na kabla ya kugeuza alisubiri gari litembee kidogo, kwa kuwa usukani wa gari lililosimama ndio mzito kuliko wote. Bega lake la kulia lilikuwa limepanda juu. Kumbe lilikuwa bovu siku nyingi, na kwa matairi ya zamani alikuwa akilificha.

Mbele ya daraja dogo la magogo, gurudumu likaparamia jiwe lililofichwa na matope, na usukani ukarudi kwa nguvu. Mkono wake ukaachia. Gari likaanza kuteleza kuelekea korongoni, polepole, kama mtu anayesinzia. Alijaribu kuurudisha usukani, haukurudi.

“Shika na wewe,” akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikauvamia usukani kutokea kushoto. Nimekua nikibeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka shambani, mikono yangu haikuwa ya mchezo. Tukavuta pamoja, akakanyaga breki, pikapu ikasimama gurudumu la mbele likiwa ukingoni. Mkunga nyuma yetu alikuwa akisali rozari. Magesa alishuka, akaenda kusimama nyuma ya gari, akishika bega.

Nilimfuata. “Mzee, tukirudi nitamwambia Fundi Mkuu turudishe yale ya zamani.”

“Umeliona gari lilivyopita kule nyuma?”

“Nimeliona.”

“Basi matairi yasitolewe. Nitolewe mimi. Wewe endesha.”

Niliendesha kutoka pale mpaka kijijini, na kutoka kijijini mpaka Mwanza. Tulipofika, alikwenda mwenyewe ofisini. Msimamizi alipendekeza apewe gari dogo la ofisi hapo mjini, akakataa. Aliomba abaki kwenye pikapu, kiti cha kushoto, mpaka masika yale yaishe, kwa kuwa mimi njia za mbugani nilikuwa sizijui. Ikakubaliwa. Karakana ilipoteza fundi na idara ikapata dereva, na mafundi wenzangu walicheka wiki moja, kisha wakazoea.

Alinifundisha kusoma udongo: ule unaong’aa umeoza, ule wenye nyasi fupi unabeba. Hakunishikia usukani hata mara moja. Nilipokosea alikohoa tu. Asubuhi bado aliifuta pikapu, na alipofika kwenye madigadi aliyafuta taratibu.

Masika yakikaribia kwisha, tuliitwa kijiji kimoja ng’ambo ya Ngudu. Mama alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na mkunga alisema pale hapawezekani. Tukamlaza nyuma juu ya godoro la pamba, mama mkwe wake akamshika kichwa. Barabara ilikuwa imekatika mahali pengi. Niliendesha nikiwa nimeuma meno, mikono inaniwaka moto. Tulipofika mahali fulani ambapo sikuona tofauti yoyote, matope yaleyale na mifereji ileile, Magesa akanyoosha mkono wake mzima akashika ukingo wa dirisha.

“Hapa ndipo,” akasema. “Usipunguze.”

Sikupunguza. Tulipita. Mama yule alijifungua hospitali kwa kisu, wakatoka wote wawili wakiwa hai. Magesa aliposikia habari alisema, “Vizuri,” akaenda kunywa chai. Mwisho wa masika alistaafu, akarudi Majita. Mimi niliendelea na pikapu ile mpaka fremu ilipochoka, nikarudi karakanani, na mwishoni nikawa Fundi Mkuu mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nakaa Kiseke. Vijana huja kuniuliza mambo ya matairi makubwa, wengi wakitaka kwa ajili ya sura tu. Nawaeleza habari za chokaa, mkasi, bolti na breki. Husikiliza vizuri, maana fundi asiyesikiliza hula hasara mapema.

Majuzi alikuja mmoja na pikapu kuukuu, ya usukani ule wa zamani usio na msaada wa injini. Aliinunua kwa ajili ya baba yake, apelekee maziwa mjini, na alitaka aifungie matairi makubwa kabla hajamkabidhi. Alikuwa amekuja na mzee huyo. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwomba mzee akae kwenye usukani, augeuze gari likiwa limesimama, likiwa bado na matairi yake ya kawaida. Aligeuza mpaka nusu, akakwama. Hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi.

Nikainama chini ya gari, nikakagua madigadi yasiyo na kasoro kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikainuka nikamwambia kijana kwamba nasikitika, madigadi ya gari hili hayatakubali.